Siku Sita za Kadi Changa

Mimi ni mbishi, wala sifichi. Mume wangu, fundi seremala wa pale Tabora mjini, alikuwa akisema hata mbuzi anayepelekwa machinjioni hanifikii. Mwaka ule wa kipindupindu ubishi wangu uliniponza, na nimezeeka nikiujutia.

Watu wa afya waliweka meza zao shuleni, jirani na soko, wakachanja mtaa mzima bure. Ilikuwa Ramadhani, kumi la kwanza. Shehe alishatangaza msikitini kwamba sindano haifunguzi saumu. Mimi nikasema ng'o! Kitu kiingie mwilini mchana kweupe, halafu mniambie nimefunga? Nitachomwa Idi ikipita. Mume wangu akarudi na kadi yake, mkono umevimba, akanicheka.

"Wewe unataka kumzidi shehe?"

Nikamwambia shehe ana kaburi lake na mimi nina langu.

Mama yangu alikuwa akiishi upande wa Puge, barabara ya Nzega. Baba alipofariki alirudi kwa ndugu zake, na operesheni ya vijiji ilipokuja wakahamishwa wote, nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Alilalamika wee, mwisho akaipenda ile barabara. Jioni alikaa mlangoni akimenya karanga na kutazama magari, maana lolote lililotoka Tabora lingeweza kunishusha mimi. Nikifika ananipikia michembe, viazi vyake vilivyokaushwa juani, na karanga za kutwanga, na hapokei mzigo wangu mpaka anishike uso kwa mikono miwili. Nilikuwa na watoto watatu wakati huo, na bado nilikuwa namkumbuka kila siku ya Mungu.

Basi siku moja dereva wa lori akapita karakanani kwa mume wangu na ujumbe. Mama miguu imevimba, akilala hapumui vizuri. Siyo kipindupindu, ni moyo. Mhudumu wa zahanati ya kijiji anasema aletwe hospitali ya mjini, lakini mwenyewe hapandi gari mpaka mwanawe aje kumchukua, si mkwe wala jirani. Siku hiyohiyo barabara ikafungwa. Hakuna kutoka mjini bila kadi ya chanjo.

Nilikimbia mpaka shuleni saa saba mchana, jua la utosi. Sikukumbuka saumu wala Idi. Muuguzi akanichoma, akaniandikia kadi, akaigonga muhuri.

"Inaanza kutumika baada ya siku sita," akasema.

Siku sita! Nilijifanya sikusikia. Kesho yake alfajiri nikafunga kifurushi changu, nikadandia lori mpaka kwenye kizuizi, gogo limelazwa juu ya mapipa mawili. Mgambo, kijana mpole, akaniamkia, akaisoma kadi, akanirudishia.

"Mama, kadi yako bado changa."

Nilimweleza habari za mama. Nililia. Nikamtolea maneno ambayo mtu aliyefunga hayatamki. Mwisho nikamwambia basi, napita porini, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu zangu waliipita na mizigo mabegani kabla hajazaliwa aliyelikata gogo lako!

"Huko porini hakuna wa kukuzuia, mama," akasema. "Utafika. Lakini kama umeubeba ugonjwa, utakuwa umempelekea nani?"

Nikageuka, nikarudi mjini kwa miguu.

Sijawahi kumtamani mtu kama nilivyomtamani mama yangu siku zile. Nilitamani harufu ya kanga yake, moshi na ugoro. Nilitamani anigombeze. Adhana ya magharibi ikilia nashika tende mkononi, haipandi kinywani. Mume wangu akajaribu kunituliza eti subira yavuta heri, nikamrushia mwiko. Mtaani kwetu watu wawili walibebwa, wakazikwa na watu wa afya, chokaa juu, ndugu wamesimama mbali. Ndipo nikajua kijana wa kizuizini hakunionea, na kujua huko hakukunipunguzia chochote. Matibabu yalikuwa bure, hospitali ilikuwa na nafasi, kilichokosekana ni mimi tu kufika Puge. Na ningekuwa nimechanjwa na wenzangu, ningepita siku ileile.

Siku ilipotimia, yule mgambo aliinua gogo mwenyewe.

Jirani wa mama alinipokea barabarani, kabla sijatua kifurushi. Walikuwa wamemzika juzi. Yeye na wanawake wenzake ndio waliomwosha, kazi yangu mimi bintiye.

"Alikuwa anauliza mbona magari hayapiti kama zamani," akaniambia. "Tukamweleza barabara imefungwa. Akasema, basi anakuja kwa miguu."

Nikakaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Mwenyekiti wa kijiji akaja kunipa pole, mzee mwema, kofia mkononi. Alizungumza mengi, sikuyasikia. Nilikuja kumsikia anaposema tumshukuru Mungu, kizuizi kimesaidia, kijiji kizima hakijapoteza hata mtu mmoja. Halafu akashtuka. Akaizungusha kofia yake.

"Kwa kipindupindu, mwanangu. Nilitaka kusema kwa kipindupindu."

Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, tushukuru. Watoto walikuwa wanacheza kwenye mistari ile ya nyumba, wazima wote, na nilishukuru kweli, kwa moyo wangu wote. Lakini mimi nilikuwa namtaka mama yangu.