Kigari Chekundu cha Mzee Mutua

Siku Mzee Mutua aliponiomba nimchagulie kigari naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mama yako asisikie. Kaa hapo. Chai bado ni moto, na haya ninayotaka kukuambia sijayasema kwa mtu yeyote humu nyumbani, kwa sababu yananiaibisha hadi leo.

Jana umerudi kutoka uwanjani umechangamka, Hadija, unasema yule mama unayembebea fimbo zake za gofu amekutuma ukamtafutie kigari cha kusukumia mfuko, ili siku za katikati ya wiki awe anatembea peke yake. Halafu wakati wa kula ukanyamaza. Mimi nimekuwa kedi kwenye uwanja huohuo miaka thelathini na minne, nimebeba mifuko ya watu mpaka bega moja likashuka. Ukimya ule naujua. Ulikuwa unajiuliza, akishapata kigari, wewe utabeba nini.

Sasa sikiliza. Mzee Mutua alikuwa Mkamba wa Machakos. Alikuja Kampala kijana, kufanya biashara ya vyuma, akazeekea hapahapa. Kiganda kilimshinda kabisa, na mimi Mnubi nilikuwa nimelelewa kwenye Kiswahili cha babu zangu wa jeshini, basi tukaelewana. Wenzangu kwenye banda la makedi walimwogopa kwa kuwa hacheki. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anasalimia kwanza. Nilimbebea miaka minane. Akipiga mpira wa kwanza tu, nilijua kama amelala vizuri.

Kisha akaugua. Upande wa kushoto ukalegea kidogo, na daktari akamwambia dawa yake kubwa ni kutembea, taratibu, kila siku, ila asikimbie hata kidogo. Nyumbani kwake binti yake, Ndunge, alikuwa anamvisha viatu na kumkatia nyama kwenye sahani. Alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini mzee alikuwa anaumia. Siku hiyo tumekaa kwenye benchi, anafuta jasho, akaniambia:

"Juma, nataka kitu kimoja nikifanye kwa mikono yangu. Jumamosi utanibebea kama kawaida. Jumanne na Alhamisi nitasukuma mwenyewe. Nitafutie kigari. Wewe unaijua ardhi hii kuliko mimi."

"Sawa, mzee," nikasema.

Mdomo ndio uliosema. Moyoni nilisikia jambo moja tu, kwamba siku zangu mbili zimekwenda. Mama yako alikuwa ametoka kujifungua kaka yako, na kazi yetu unaijua, ukibeba unakula, usipobeba unashinda bandani ukicheza ludo na watu wanaokuibia zamu. Tena zaidi ya njaa kulikuwa na wivu. Nilikionea wivu chuma chenye magurudumu matatu. Cheka tu, ndivyo ilivyokuwa.

Karibu na Nakivubo kulikuwa na mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika kutoka nje: baiskeli, viti vya wagonjwa, mashine za kukatia nyasi. Vigari vya gofu alikuwa navyo viwili na hakujua hata ni vya nini. "Vya kubebea madumu ya maji, ssebo," akaniambia, "vizuri sana." Kimoja kilikuwa cha bluu, rangi imebanduka, magurudumu yake ya nyuma yamekaa mbalimbali kama miguu ya mtu anayesukuma gari bovu. Cha pili kilikuwa chekundu, chembamba, kinang'aa.

Kazi niliijua. Nilikuwa nimekwenda na mfuko wa zamani wa fimbo, nikaujaza mawe mpaka ukafika uzito wa mfuko wa mzee. Nikaupakia kwenye kile cha bluu, nikakisimamisha kwenye kiteremko cha nyuma ya duka, nikafunga breki, nikaachia mikono. Kikakaa. Nikauhamishia kwenye chekundu. Breki yake ililia vizuri, ukiisikia unaiamini. Nikaachia. Kikakaa kidogo, kisha kikaanza kushuka polepole huku breki imefungwa. Nikakidaka. Nikarudia, ikawa vilevile.

Nikachukua chekundu.

Umenisikia vizuri. Hakuna aliyenidanganya, si muuzaji wala rangi. Nilijua. Nilijipoza kwamba mzee atahangaika nacho wiki mbili, atachoka, atasema Juma njoo ubebe. Nilitaka achoke tu, basi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima hadi Kasubi, na nilipofika nyumbani nikala nikashiba.

Mzee alikipenda mno. Alikizunguka, akagusa mpini, akaniambia asante mara tatu, na kila asante nikaangalia viatu vyangu. Jumanne asubuhi akaja peke yake. Mimi nilikuwa bandani, najitia kurekebisha kamba za kiatu, lakini macho yalikuwa kwake. Mashimo manne ya kwanza alikwenda vizuri, anasukuma kwa mkono wa kulia, mgongo umenyooka. Sijawahi kumwona mtu akitembea kwa raha namna ile. Nikaanza kusema pengine breki itashika, pengine mimi ndiye niliyeifunga vibaya.

Shimo la tano unalijua, pale uwanja unaposhuka kuelekea mfereji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa bado zinateleza. Akasimamisha kigari, akafunga breki, akatoa fimbo, akainama kuutazama mpira. Kikaanza kwenda. Alipogeuka kilikuwa kimeshamwacha hatua kumi, na ndani ya mfuko kulikuwa na dawa zake.

Mzee akakimbia.

Mwanangu, mimi nilikuwa kijana mwenye mbio, lakini siku ile miguu yangu ilikuwa mizito kama ya kuazima. Nilipofika alikuwa chini, amelalia mkono ule wa kushoto, tope mpaka kwenye ndevu, na kigari kiko mferejini kimepinduka. Nikamwinua, nikamkalisha, nikaingia majini kutafuta dawa. Nilizipata. Kifuniko kikanishinda kwa tope la vidole, akakifungua yeye kwa meno.

Alipopata pumzi akanitazama sana. Akaniuliza, "Ulikijaribu?"

"Nilikijaribu, mzee."

"Kikiwa na mzigo?"

"Kikiwa na mzigo."

"Kilishika?"

Nikashindwa kusema uongo. Sijui kwa nini, maana hadi hapo nilikuwa nauweza. Nikasema hakikushika, nikasema na sababu, nikiwa nimesimama kwenye maji ya mfereji mbele yake. Nilingoja matusi. Nilingoja aseme nisikanyage tena pale uwanjani, na angesema neno moja tu ofisini nisingekanyaga. Akafuta tope usoni kwa kiganja, kisha akasema, "Ungeniambia unaogopa, Juma. Ningekusikia."

Basi. Hakuongeza. Na bora angenipiga.

Mkono ulikuwa umevunjika. Binti yake akasema gofu imekwisha, hakuna kutembea tena, na mzee akakalishwa barazani na blanketi magotini. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili nilimkuta ameinamisha kichwa, ule upande mbovu umelegea zaidi, na sahani ya nyama iliyokwisha kukatwa iko mbele yake hajaigusa. Roho iliniuma. Nikajua kwamba nikikaa bandani kungoja, mzee atakufa akiwa ameketi, na mimi ndiye niliyemketisha.

Nikarudi Nakivubo. Kile cha bluu kilikuwa kimeuzwa. Kwa nani? Kwa mama mmoja wa Owino anayebeba marobota ya mitumba. Siku nne nilizunguka soko lile kubwa, naulizia kigari cha bluu, watu wananiona kichaa. Nilipompata, kigari kilikuwa na robota lefu kuliko mimi na kilikuwa kinakwenda bila kulalamika. Nikamweleza yote, hata sehemu ya aibu. Akasikitika, akaniambia, "Bambi, mzee wa watu." Lakini kigari hakunipa hivihivi, naye alikuwa anakitegemea. Nilimbebea marobota kichwani asubuhi tisa, mchana nakwenda Katwe kwa mafundi wa vyuma kumchomelea mkokoteni wa kushika nafasi ya kigari. Siku ya kumi tukabadilishana. Kile chekundu nilikivunja mwenyewe, vyuma vyake vikaingia kwenye ule mkokoteni, maana sikutaka kimfikie mtu mwingine.

Nikakipeleka kile cha bluu kwa Mzee Mutua. Ndunge alinifungulia mlango bila kunisalimia, na alikuwa na haki. Mzee akainuka polepole. Nikapima mpini kwenye kiuno chake, yeye mrefu na mimi mfupi, nikaupandisha mpaka mkono wake ukalala juu bila kuinama. Nikampeleka kwenye mteremko wa lango na mfuko umejaa mawe, nikamwambia afunge breki mwenyewe, aachie mwenyewe. Akaachia. Tukasimama watatu tunakitazama kigari kikikaa pale. Ndunge ndiye aliyesema, "Basi Jumanne atakwenda."

Alitembea nacho miaka sita. Jumamosi nilimbebea mimi, kama alivyoahidi tangu mwanzo, na mimi nilikuwa sijamsikia.

Sasa wewe, mwanangu. Ukienda kuchagua, usikisukume kwenye sakafu ya duka kikiwa kitupu, sakafuni kila kigari ni kizuri. Kipakie uzito wa mfuko wake, kipeleke mahali penye mteremko, funga breki uachie mikono, tena urudie. Tazama magurudumu ya nyuma yawe yamekaa mbalimbali. Mpini upime kwa mwili wake, siyo wako. Mwache akikunje na kukiingiza kwenye gari yeye mwenyewe, hata kama anachelewa na wewe unaona uvivu kungoja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kesho, kabla ya duka, nenda kwa yule mama, umwamkie, umwambie unaogopa kupoteza kazi. Mwambie kwa mdomo wako. Akikusikia, utamchagulia ukiwa na moyo mweupe. Asipokusikia, mchagulie vilevile kile kinachoshika, uje hapa tule tulichonacho.

Na kile kigari cha bluu kilicho nyuma ya mlango, ambacho mnakiita takataka na mama yako anataka kukitupa, Ndunge ndiye aliyeniletea baada ya mazishi. Alisema baba yake alitaka kikae kwangu. Breki bado inashika.

Mungu akupe ulimi wa kuitaja hofu yako mapema, mwanangu. Akupe miguu ya kukutembeza mpaka uzeeni. Na siku mikono yako itakapochoka, akuletee mtu wa kukuchagulia ambaye hana cha kukuficha. Sema amina, unywe chai yako.