Viganja vya Mbunge

Pande hizi za Leitrim, mbunge huwahi msibani kabla ya padri. Attracta, aliyefiwa na mumewe jana, hajapata kumwamini mtu anayenusa kifo upesi hivyo. Alimtazama akipokea kikombe cha chai na kukiweka dirishani bila kukionja, kama afanyavyo kila matanga, kisha akaja kuufumbata mkono wake kwa viganja viwili laini kama vya mtoto, sauti ameishusha.

"Pole sana, dada Attracta. Juzi tu nilikuwa naye soko la ng'ombe, buheri wa afya."

"Mheshimiwa, marehemu alikuwa hainuki kitandani tangu mwaka juzi."

Viganja havikulegea. "Ndiyo maana nilishangaa kumwona," akasema, na macho yake yalikuwa yameshamfikia mfiwa wa kiti cha pili.