Fisi Arudi, Nani Aingie?

"Fisi arudi! Fisi arudi!" Wanafunzi wenzangu waliimba hivyo getini asubuhi ya baridi kali, kichwa cha vazi la fisi anayevaliwa kushangilia timu yetu kikiwa mezani, kimetolewa stoo. Chuo kilimstaafisha fisi huyo baada ya kijana aliyemvaa kuzidiwa na joto uwanjani akafa. Wenzangu wanauita uamuzi huo woga.

Mama mmoja wa Tanga, muuza chapati kule mtaa wa Hillbrow, akaja akatia mkono ndani ya kichwa kile. Hakuutoa.

"Bado pana joto," akasema. "Mnamwita nani, wanangu? Aliyekuwa humu ni mtoto wangu."

Kiongozi wao akacheka kwa aibu. "Eish, mama, tunamwita fisi tu."

"Haya. Ataingia nani?"

Mimi mbishi, nikatia mkono wangu. Palikuwa na joto kweli, lenye unyevunyevu, kama shingo ya mtu aliyetoka kukimbia.

Mama akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akarudi nyuma. Ndiyo kampeni hiyo, wasomaji: fisi arudi, mradi ndani yake awe mtoto wa mwenzio.