Noti za Baba Nilizozinyoosha

Fundi wa redio pale mjini Moshi alikifungua kinanda cha Baba, akachungulia ndani, akakifunga bila haraka. Akatuambia sehemu ya kuingizia disketi imekufa, na betri ndogo inayotunza kumbukumbu nayo haina siku nyingi. Vipuri hakuna. Kinanda kingeweza kusahau kila kitu wakati wowote, na ndani yake mlikuwa na nyimbo kumi na moja ambazo Baba alizitunga kwa ajili ya kwaya ya kigango chetu, kule Mwika. Kila chombo alikirekodi kivyake, kwenye njia yake: besi, ogani, filimbi, ngoma. Alifanya hivyo peke yake chumbani, spika za masikioni kichwani, kahawa ikimngoja shambani. Mama alikuwa akisema laiti naye angekuwa kinanda, angalau angesikilizwa kila siku.

"Baba, usihangaike," nikasema. "Tutazihamishia kwenye kompyuta."

Nilisema hivyo kwa maringo, sitaficha. Nilikuwa nachapa barua na kadi za harusi kwenye duka la vifaa vya ofisi la familia moja ya Kihindi, na miaka ile tuliojua kompyuta pale mjini tulikuwa wachache. Mimi nilihakikisha kila mtu anajua kwamba najua. Mwenye duka, mzee mpole aliyependa muziki wa kwao, aliniruhusu kuitumia mashine Jumamosi mchana baada ya kufunga. Kinanda kikateremka mjini ndani ya pikapu ya ndizi, kimeviringishwa blanketi.

Waya ulitoka nyuma ya kinanda ukaingia nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la kuchomekea usukani wa michezo. Watu wengi hudhani waya ule unapitisha sauti. Haupitishi sauti hata kidogo. Unapitisha habari tu: kitufe gani kimebonyezwa, saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, kimeachiwa lini. Kwa maneno mengine, vilivyokuwa vinahamia kwenye mashine ni vidole vya Baba. Nilijua hilo tangu mwanzo, maana lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na nilikuwa nimekisoma.

Jumamosi ya kwanza hakikuingia kitu. Nilikuwa nimechomeka ncha za waya kinyume. Ya pili, wimbo mzima ukaingia kwenye njia moja, ngoma na filimbi zimebebana, ukisikiliza unacheka. Ya tatu nikajifunza kutenganisha kila chombo, na nikagundua kwamba ni lazima kompyuta ishike mwendo na kinanda kifuate, la sivyo mistari ya mapigo haikutani. Jioni ya siku hiyo nyimbo zote kumi na moja zilikuwa ndani, salama. Laiti ningezima mashine hapo hapo nikaenda zangu kula kiburu.

Sikuizima, kwa sababu kwenye kioo noti zilionekana. Zilikuwa vijiti vidogo, na nyuma yake mistari ya mapigo imesimama wima. Noti za Baba hazikuwa juu ya mistari. Katikati ya kila ubeti, mahali pale pale, besi ilichelewa, ogani ikachelewa, hata ngoma ikachelewa, kisha zote zikakimbia kidogo ili kufidia. Nikamhurumia. Nikasema mzee wa watu, mikono imechoka, na masikio yenyewe ndiyo hayo.

Ile programu ilikuwa na amri ya kunyoosha. Unachagua noti zote, unabonyeza, zinaruka na kusimama kwenye mistari kama wanafunzi mstarini. Zilizokuwa zimechelewa mno amri haikuziweza, ilizipeleka kusikokuwa kwake, basi hizo nilizivuta kwa kipanya, moja moja. Nilifanya kazi hiyo Jumamosi mbili nzima na shingo ikaniuma. Nilipomaliza nikahifadhi juu ya zile za mwanzo, kwa majina yale yale. Sikuona sababu ya kutunza makosa.

Baba alikuja kusikiliza akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Mwenye duka akamletea kiti na chai yenye viungo. Nikaucheza wimbo wa kwanza, nami nikakaa kumtazama usoni nikisubiri kusifiwa. Mkono wake ulikuwa ukipiga mapigo juu ya goti. Ulipofika katikati ya ubeti, mkono ulibaki hewani na muziki ukaendelea bila yeye. Niliona. Siku zote nimetamani niseme kwamba sikuona.

"Hapo umefanya nini?" akauliza.

"Nimenyoosha, Baba. Ulikuwa unachelewa."

"Hapo tu?"

"Kila wimbo."

Akatazama chini. "Kumbe! Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia." Halafu akasimama, akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake. "Ahsante, mama. Umenitoa aibuni."

Nikamrekodia kaseti, akarudi nayo Mwika pamoja na kinanda. Haikupita muda mrefu umeme ukakatika kule nyumbani, na uliporudi kinanda kilikuwa kimesahau kila kitu. Kilipiga vizuri tu ukikibonyeza, lakini nyimbo za nyuma zote zilikuwa zimekwenda. Tukajipongeza kwa kuwahi. Tangu hapo kwaya ikawa inaimba kwa kaseti, na Baba akabaki kubonyeza redio na kuongoza kwa mkono.

Nilipanda Mwika Jumapili moja baada ya miezi kadhaa. Muziki ulitoka safi kwenye spika, nami nikajisikia vizuri, mpaka nilipoangalia sauti ya pili. Ile safu ya kina mama watu wazima, iliyokuwa ikijaza mabenchi mawili, ilikuwa imebaki na watatu. Baada ya misa nilimkuta mmoja wao nje ya kanisa, amekaa kwenye ngazi. Huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya sauti ya pili tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mbona siku hizi huimbi?"

Akacheka kidogo. "Hicho chombo chenu kipya hakina huruma. Tunaimba tunakimbizwa. Zamani pale katikati baba yako alikuwa anatusubiri tuvute pumzi. Sisi tunapanda kutoka kule korongoni, mwanangu, tunafika hapa kifua kinawaka. Yeye alikuwa anajua."

Akilini nilimwona Baba pale chumbani na spika zake masikioni, hakuna mtu mwingine, anarekodi besi anawasubiri kina mama. Anarudi kurekodi ogani, anawasubiri tena. Anarekodi ngoma, anawasubiri. Nami subira hizo nikaziita mikono iliyochoka.

Nilirudi dukani nikapekua kila disketi. Hakuna. Nikajaribu kuzirudisha noti nyuma kwa kipanya, lakini sikujua alikuwa anasubiri kiasi gani. Nilichokumbuka ni kwamba kila ubeti ulikuwa na kiasi chake. Nilivuta, nikasikiliza, nikavuta tena. Uchelewaji wangu ulisikika kama santuri mbovu. Nililia pale mbele ya mashine, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndipo nikaamua kwenda kumwambia. Kwetu aliyekosa huenda na jani la isale, na aliyeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Nilikata moja kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikaingia nalo ndani. Baba alikuwa kwenye kinanda, redio pembeni na ile kaseti yangu ndani yake, jasho kwenye paji la uso.

"Karibu, mama. Kaa usikilize."

Akapiga. Nikausubiri ule ubeti ufike katikati, roho juu. Ukafika, ukapita. Hakuchelewa hata kidogo. Ubeti wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Alikuwa amefanya mazoezi na kaseti yangu kila siku tangu nilipompa, na sasa vidole vyake vilisimama juu ya mistari yote.

"Baba," nikasema, "hukuwa unakosea. Ulikuwa unawasubiri kina mama wa sauti ya pili."

Akacheka, akanipiga begani. "Unanifariji. Wale maskini niliwazoesha vibaya." Jani aliliona mkononi mwangu, akadhani nimelichuma njiani tu, akalichukua akaliweka juu ya redio. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti.

"Sasa unirekodi," akasema. "Safari hii hutapata kazi ya kunyoosha."