Mgonjwa wa Papa Hénoc

Mwone kwanza akifika. Ni asubuhi, upepo wa ziwa bado una ubaridi, na mzee mmoja mrefu anateremka barabara ya vumbi na kitunga kifuani, kitunga kilichofunikwa kwa kipande cha kitenge cha kijani. Anatembea kama aliyebeba sufuria ya maji iliyojaa mpaka mdomoni. Akifika penye jiwe anasimama, anachagua pa kuweka mguu, ndipo anaendelea.

Kijana wa pikipiki anapunguza mwendo kando yake.

"Papa Hénoc, panda. Nitakupeleka polepole."

"Aksanti, mwanangu. Piki itamutingisha mugonjwa."

Kijana akisikia neno mugonjwa anazima injini, anaisukuma pikipiki kwa mikono mpaka mzee apite. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani naye anasogea pembeni.

"Pole, Papa. Ni mujukuu?"

"Hapana, Mama. Ni wa nyumbani tu."

"Mungu amusaidie."

"Amina."

Ndivyo alivyofika kwa daktari wa mifugo, na baraka za barabara nzima mgongoni. Pale nje walikuwa wamekaa wanaume wawili na mbuzi wao. Mzee akaketi nao kwenye benchi, akafunua kitenge. Ndani alilala panya buku, yule panya mkubwa wa porini mwenye mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Kichwa chake kilikuwa kimepinda upande wa kushoto, kama mtu aliyetega sikio ukutani asikie majirani wanasema nini.

Mwenye mbuzi akatazama, kisha akatazama tena.

"Papa, umepotea njia. Huyu si mugonjwa. Huyu njo mboga ya kula na ugali."

Papa Hénoc hakukasirika. Alirudisha kitenge, akaacha nafasi ndogo ya kupumulia.

"Mbuzi yako pia njo mboga," akasema, "na umemuleta kwa docta."

Hapo aliyecheka zaidi ni yule mwenzake.

Turudi nyuma kidogo, ili umjue mzee huyu. Papa Hénoc ni mtu wa Zongwe, lakini miaka mingi sasa anakaa Kalemie, karibu na ufuko, na kazi yake ni kushona nyavu. Wavuvi wa ndakala, wale dagaa wa ziwani, wanamletea nyavu zilizochanika, yeye anakaa chini uani, ananyoosha mguu, ananasa wavu kwenye kidole gumba cha mguu ili ukazike, na sindano yake ya mti inaanza kuingia na kutoka. Ukimwuliza adui wa wavu ni nani, hatakutajia jiwe wala mamba. Atakuambia ni panya. Jiwe linachana mahali pamoja, panya anaonja kila mahali.

Sasa fikiri fundi wa nyavu anayefuga panya. Ufuko mzima ulikuwa na neno la kusema, na mwenye neno kali kuliko wote alikuwa Mama Elsa, jirani yake, muuzaji wa ndakala kavu. Ua wao umetenganishwa na ukuta wa matete tu, kwa hiyo maneno hayana safari ndefu.

"Papa Hénoc," alikuwa akisema huku anageuza ndakala zake juani, "seremala hafugi muchwa. Ama njo wewe unamutuma kwa nyavu za watu, wakuletee kazi?"

"Muulize mwenyewe. Yeye njo kapita, mimi ni mufanyakazi tu."

Na kweli jina la panya lilikuwa Kapita, maana tangu udogo wake alipenda kukaa juu ya rundo la nyavu na kumtazama mzee anavyoshona, kama msimamizi asiyetaka mchezo kazini.

Aliyemleta nyumbani ni Marthe, mke wa Papa Hénoc. Jembe lake lilifungua shimo shambani, na ndani akakuta kitoto kimoja, macho hayajafunguka. Mzee, nisikufiche, aliuliza chumvi iko wapi. Marthe akamtazama.

"Utakula mutoto anayenyonya kidole yangu?"

Chumvi ikarudi mahali pake. Marthe alimlea kwa mkono, na alikuwa na namna yake ya kumwita, anagonga ulimi juu ya kaakaa, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya mbali. Kapita alikuwa anatoka popote alipo. Mwaka juzi Marthe alifariki. Watoto wana maisha yao Moba, wanakuja na boti wakipata nafasi, wanarudi. Mule nyumbani walibaki wawili tu walioijua sauti ile, mmoja wa kuigonga na mwingine wa kuitika. Ndiyo maana asubuhi ile mzee alipogonga ulimi, Kapita akatoka chini ya kitanda, akazunguka mara moja, akaanguka ubavuni na kushindwa kuamka, Papa Hénoc alikaa sakafuni pale pale kando yake.

Jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa sumu. Mama Elsa, kama wauzaji wote wa ndakala, huweka sumu nyuma ya meza zake za kukaushia, la sivyo panya wangemmalizia biashara. Mzee akaenda ukutani.

"Mama Elsa, sumu yako uliweka fasi gani?"

"Fasi panya wanapita." Alikuwa ameinama, hakuuona uso wa mzee. "Kwani umepoteza panya?"

Papa Hénoc akarudi ndani, akamlaza Kapita kitungani. Alichukua kitunga, akatoka bila kumwambia hata kwaheri, na hilo lilikuwa halijatokea kati yao tangu Marthe yuko hai.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Christophe. Alimulika sikio la Kapita kwa taa ya simu, akafungua mdomo, akatazama ufizi, akamweka mezani na kumwacha azunguke kidogo, mkono wake ukiwa tayari kumdaka.

"Papa, nisikudanganye. Nilisoma ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku. Huyu hakuwa mu kitabu. Lakini sumu sioni. Sumu ya panya inatoa damu, na ufizi ungekuwa mweupe. Hapa naona sikio, ndani kabisa kumeoza. Sikio njo inashikilia muntu asianguke, na munyama vilevile."

"Atapona?"

"Nitakupa dawa, utasaga na kumupa kidogo kidogo. Umuweke mu karton ndogo, kuta zimuguse, asibiringike. Lakini lazima akule. Asipokula, nguvu itaisha mbele ya dawa kufika mu sikio."

Mzee akarudi kwa mwendo ule ule wa maji yaliyojaa. Akapika uji, akapoza, akatia kwenye ncha ya kidole. Uji ukaingia upande mmoja wa mdomo ukatokea upande mwingine. Akatia sukari kidogo, hali ikawa ile ile. Akajaribu maji ya ndizi iliyopondwa. Kapita alifumba macho, akageuza kichwa kile kilichopinda, na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka haraka kama cha mtu aliyepanda mlima.

Mwenye wavu mmoja, Papa Ruben, alikuja kuchukua kazi yake. Wavu ulikuwa ungali chini, sindano imelala juu yake.

"Nisamehe," Papa Hénoc akamwambia. "Leo mikono inakataa. Niko na mugonjwa."

Papa Ruben akachungulia kwenye karton. Ndiye aliyekuwa akiapa kila wiki kwamba Kapita ameonja wavu wake. Akakuna kichwa, akasema atapita tena, akaenda zake ufukoni. Na ufukoni, unajua mwenyewe, habari haihitaji boti. Kabla jua halijasimama utosini wanawake wote wa ndakala walikuwa wanajua kwamba fundi wa nyavu ameacha kazi kwa ajili ya kumuuguza panya.

Ndipo Mama Elsa akaja. Alikuja na sukari iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na nyuma ya matete walibaki wenzake watatu, viganja midomoni, wanangoja.

"Hodi humu. Nimekuja kuona mugonjwa."

Aliitoa kwa ile sauti ya kanisani, na nyuma ya ukuta mtu akakohoa cheko.

Papa Hénoc akainuka. Kile alichofanya baadaye, mimi nadhani hakukipanga. Alileta kiti, kile kimoja kizuri, akakipangusa kwa mkono, akamkaribisha. Akapokea sukari kwa mikono miwili. Kisha akakaa kwenye kigoda mbele yake, akaanza kutoa habari za ugonjwa, tangu mwanzo, kama inavyopasa kwa kila anayekuja kuona mgonjwa. Namna alivyoamka. Namna alivyomwita. Namna alivyoanguka. Docta alisema nini. Uji ulivyokataliwa.

Sasa, wewe ni mtu wa desturi, unaelewa. Ukikalishwa kwenye kiti na kupewa habari za mgonjwa, wewe si mcheshi tena, wewe ni mgeni wa mgonjwa. Na mgeni wa mgonjwa ana swali ambalo lazima aulize. Mama Elsa alitazama kiti, akatazama karton, akaiacha ile sauti ya kanisani.

"Tangu asubuhi hajakula kitu?"

"Hajakula, Mama."

Nyuma ya matete viganja vikashuka kutoka midomoni.

"Na kuna neno moja," mzee akaendelea. "Asubuhi nilikuzania mubaya. Nilisema moyoni, ni sumu ya Mama Elsa. Docta anasema hapana. Unisamehe."

"Papa, mimi kama ningemuua, ningekuimbia juu ya ukuta." Akachungulia kwenye karton. "Lakini uji, nani alikuambia umupe uji?"

"Mugonjwa si anakunywa uji?"

"Marthe hakuwa anamupa uji. Mimi nilikuwa namuona kila siku. Alikuwa anatafuna karanga, anatafuna mpaka inakuwa mafuta, kisha anamuwekea mu mukono. Kapita alikula ile tangu mutoto."

Papa Hénoc akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameishi na jambo hilo miaka yote ya Marthe, kila jioni, na asubuhi ile yote halikumjia. Kisha akauondoa mkono, akaonyesha sababu nyingine ya huzuni yake. Mdomoni mwake yalibaki meno mawili tu, na hayo mawili hayakutani.

"Karanga iko," akasema. "Lakini miye nitatafuna na nini?" Akamtazama jirani yake. "Wewe iko na meno."

Mama Elsa akarudi nyuma kwenye kiti. Huyu ni mwanamke ambaye amewapiga panya kwa fagio, kwa kiatu, na mara moja kwa jiwe la kusagia. Nyuma ya ukuta sauti moja ikanong'ona, "Elsa, hapana," na nyingine ikajibu, "Nyamaza, tuone."

"Leta," Mama Elsa akasema.

Akatafuna. Alitafuna amekunja uso kama anayekunywa dawa, akatema kwenye kiganja cha Papa Hénoc, akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge na kusema kwamba kama kuna mtu atakayelitaja jambo hili sokoni, yeye anazijua siri zao wote. Mzee akachanganya unga wa dawa kwa kidole, akapeleka kiganja kwenye karton. Akagonga ulimi. Ko, ko, ko.

Pua ikatikisika. Kichwa kilichopinda kikatafuta, kikakosea, kikagonga kidole gumba, kikatafuta tena. Kisha ulimi mdogo ukaanza kulamba.

"Analamba," Mama Elsa akasema taratibu. "Papa, tazama. Analamba."

Papa Hénoc akakisogeza kiganja karibu zaidi. Mama Elsa akaushika mkono ule kwa chini, ili karanga isimwagike.

Kesho yake Mama Elsa alikuja kabla ya kwenda sokoni, na siku zilizofuata pia, analalamika kwamba taya zinamuuma. Wale wa nyuma ya matete nao wakaingia kupitia mlangoni, mmoja na mahindi machanga, mwingine na ndizi, maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Hata Papa Ruben alifika na kipande cha muhogo.

"Nimekuja kuona yule alikula nyavu yangu," akasema, akapewa kiti, akapewa habari.

Kapita hakufa. Lakini kichwa hakikunyooka, na docta alisema kitabaki hivyo. Anatembea sasa kama anayetafuta kitu alichoangusha, na kila anapotaka kwenda mbele, miguu inamvuta kushoto. Papa Hénoc amerudi kwenye nyavu zake, na siku hizi huwezi kupita pale bila kusikia watu wawili wanabishana kupitia matete.

Limebaki jambo moja. Wakati wa ugonjwa, Mama Elsa aliondoa sumu nyuma ya meza zake. Panya wa ufukoni, ambao hawana jina wala wageni, wameligundua hilo, na ndakala zinapungua. Ameshanunua sumu nyingine, iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Papa Hénoc anamfungia Kapita kadiri anavyoweza, lakini panya buku ana meno, na ukuta ni wa matete. Na akitoka mlangoni, upande wa kushoto, ule unaomvuta kila siku, ndiko uliko ua wa Mama Elsa, kule anakotoka mtafunaji wa karanga zake. Asubuhi moja Mama Elsa alimkuta Kapita amekaa chini ya meza yake, ametega kichwa, anamtazama mdomo.

Ungekuwa wewe Mama Elsa, ile sumu ungeiweka wapi?