Kompyuta ya Baba Ilipogeuka Buluu

Jana fundi alifungua kompyuta yangu kazini, na harufu ya vumbi lililopata moto ikanirudisha ukumbini kwetu, Mji Mkongwe.

Kompyuta ya baba ilikuwa na maradhi: kioo kinageuka buluu ghafla, maandishi meupe yanajaa, na kazi yake yote inapotea. Akataka kumjua anayeiharibu. Nyumbani tulikaa na binti wa marehemu ami yangu, rika langu, ambaye kila asubuhi alipangusa ukumbi kabla ya kwenda skuli.

"Nani anaigusa?" baba aliuliza.

Mimi ndiye niliyecheza karata kwenye kompyuta hiyo kila alipotoka. Nikasema, "Yeye, baba. Nimemuona."

"Wallahi siigusi, ami," alisema binti yule.

Baba alimchapa viganja kwa waya wa umeme, kisha akamrudisha Bububu, nje ya mji, kwa bibi yake. Skuli ya mjini ikaishia hapo.

Wiki ile ile kioo kikageuka buluu tena. Fundi aliyeitwa alichomoa kadi ya memori, akayasugua meno ya kadi hiyo kwa raba ya kufutia penseli.

"Kutu tu hii, hewa ya bahari," alisema. "Hapana mtu aliyeiharibu."

Alipoondoka, nilimuuliza baba lini tutakwenda kumchukua mwenzangu.

"Keshazoea huko," alijibu, macho kwenye kioo.

Mama alisikia, akaendelea kukunja nguo. Kitanda cha mwenzangu kilikuwa dirishani, penye upepo. Nikahamia mimi.