Boriti Kubwa ya Zahanati

Kaka yangu alikuwa fundi mwashi, nami nilimbebea maji na kokoto. Akitengeneza linta, ile boriti fupi ya zege inayokaa juu ya mlango, hakuipandisha ukutani kabla ya kuijaribu. Aliilaza juu ya mawe mawili, akawaita majirani waikalie.

"Shemeji, kaa pembeni wewe!" alimtania jirani mmoja mnene. "Kwa uzito huo tutatafuta wapi chuma cha reli?"

Vicheko vilijaa uwanjani. Hakuna linta yake iliyovunjika.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipoamua kujenga zahanati, barazani ilitakiwa boriti ndefu ya kubeba ukuta wa juu, ili wagonjwa wasubiri bila nguzo katikati. Kaka alichukua vipimo vya linta akavizidisha kwa nne, nondo nazo akaziongeza kwa kadiri hiyo. Ringi, zile nondo nyembamba za kuzungushia, hakuweka, kwa kuwa linta zake hazikuwa nazo. Sote tuliona ni sawa. Kilichobeba kikiwa kidogo, kikikuzwa kitashindwaje?

Tulipoondoa miti ya kuegemezea na kuanza kujenga juu yake, ufa ulitokea karibu na mwisho wa boriti, ukapanda mshazari. Katikati, tulipokuwa tunapakodolea macho, palikuwa pazima. Hakuumia mtu.

Akaletwa mhandisi kutoka Tanga, kijana mpole.

"Ndugu fundi," alisema, "zege likipasuka, kokoto za pande mbili hung'ang'aniana. Kwenye linta ufa ni mwembamba, zinashikana. Boriti ikiwa na kina kirefu namna hii, ufa unapanuka, zinaachana. Nguvu haikui sawa na ukubwa. Hapa ringi ni lazima."

"Na linta zangu?"

"Hazina tatizo."

Kaka aliivunja boriti mwenyewe, kwa nyundo. Watu waliotoka sokoni walipita wakipiga kelele, "Fundi, boriti yako inacheka!" Zamani angewajibu wakimbie. Safari hii aliendelea kugonga tu.

Wiki haikuisha akapanda basi la Mombo, kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nilitaka kumwambia nyumba zote za kwetu zimesimama kwa mikono yake. Watu walikuwa wengi kituoni, nikaona haya.

"Baki na mama," alisema.

Hajarudi. Zahanati ilimaliziwa na mafundi wengine. Mama akiugua huipita, kanga ameivuta usoni, akaenda kwa miguu mpaka Lushoto.